Dawa za presha zipimwe kwa maradhi ya moyo tunayougua sisi

Dawa ipi ya presha inaulinda moyo kuliko nyingine? Swali hilo huulizwa kila siku kliniki, kwenye maduka ya dawa na barazani, na mara nyingi anayejibu ni jirani anayesifu kidonge alichoandikiwa yeye. Sayansi imelishughulikia kwa majaribio yaliyohusisha watu makumi ya maelfu, na majibu yapo. Hoja yangu ni kwamba majibu hayo tumeyapokea kwa mpangilio wa vipaumbele usio wetu. Watafiti wa Marekani na Ulaya walizilinganisha dawa hizi kwanza kabisa kwa kuhesabu mishtuko ya moyo, yaani mishipa ya moyo inapoziba ghafla, kwa sababu huo ndio ugonjwa uliokuwa ukiwaua watu wao kwa wingi. Moyo wa mgonjwa wa presha wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala kwa kawaida hauharibiki kwa njia hiyo. Huanza kwa kunenepa misuli, hupanuka, kisha hushindwa kusukuma damu. Tukiutanguliza ugonjwa huo, na kiharusi pamoja nao, dawa mbili za zamani zenye bei nafuu zinapanda juu ya orodha, na baadhi ya dawa zinazoandikwa kwa mazoea zinashuka.

Tofauti hiyo imepimwa. Utafiti uitwao THESUS-HF, uliochapishwa mwaka 2012, uliwafuatilia wagonjwa 1,006 waliolazwa kwa moyo kushindwa kufanya kazi katika nchi tisa za Afrika, zikiwemo Kenya, Uganda na Msumbiji. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 52. Chanzo kilichoongoza kilikuwa shinikizo la damu, kwa takriban asilimia 45 ya wagonjwa, ilhali mishipa ya moyo iliyoziba ilihusika kwa chini ya asilimia 8. Ndani ya miezi sita zaidi ya mgonjwa mmoja kati ya sita alikuwa amefariki. Katika nchi tajiri ugonjwa huu huwapata zaidi wazee wa miaka sabini na kuendelea. Hapa unamkuta mtu bado ana watoto shuleni na wazazi wanaomtegemea. Namna unavyotokea inaeleweka vizuri. Chumba cha chini cha kushoto cha moyo ndicho kinachopeleka damu mwilini kote, na presha ikiwa juu kinalazimika kusukuma kwa nguvu isiyo ya kawaida katika kila pigo, takriban mara laki moja kwa siku. Misuli yake hunenepa kama ya mbeba mizigo, lakini unene huo si afya: ukuta hukakamaa, damu huanza kurudi nyuma kwenye mapafu, miguu huvimba, na mtu hushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi.

Kabla ya kulinganisha dawa na dawa, ni haki kusema wazi kwamba tofauti kubwa kuliko zote ni ile iliyopo kati ya kutibiwa na kutotibiwa. Mwaka 1967 daktari Edward Freis na wenzake, wa hospitali za wanajeshi wastaafu wa Marekani, walichapisha matokeo ya wanaume 143 ambao namba yao ya chini ya presha ilikuwa kati ya 115 na 129. Karibu nusu yao walipewa mchanganyiko wa dawa tatu za wakati ule, ikiwemo ya kutoa maji, na waliobaki walipewa vidonge visivyo na dawa ndani yake. Katika kundi lisilopata dawa watu 27 walipatwa na madhara makubwa. Katika kundi la dawa walikuwa 2 tu. Mwaka 2021, uchambuzi uliounganisha majaribio 48 yenye watu zaidi ya 344,000 ulionyesha kwamba namba ya juu ikishuka kwa pointi 5, hatari ya kupatwa na maradhi makubwa ya moyo na mishipa hupungua kwa takriban asilimia 10, awe mtu aliwahi kuugua moyo au la. Kwa hiyo anayemeza kila siku kidonge chochote kati ya vinavyokubalika yuko mahali pazuri kuliko anayesaka kidonge bora huku presha yake ikibaki 170. Nalisema hili mapema ili asitokee msomaji wa kusitisha dozi yake akisubiri kupata iliyo bora zaidi.

Hata hivyo, kushusha namba kwenye mashine si kila kitu, na jaribio lililothibitisha hilo ni ALLHAT. Lilifadhiliwa na serikali ya Marekani, likaandikisha watu zaidi ya 42,000 wenye umri wa miaka 55 na kuendelea, na zaidi ya theluthi moja yao walikuwa Wamarekani weusi. Kwa bahati nasibu waligawanywa katika makundi manne. La kwanza lilipewa klorthalidoni, dawa ya kutoa maji na chumvi mwilini kupitia mkojo, iliyokuwa sokoni kwa miongo kadhaa. La pili lilipewa amlodipini, inayolegeza kuta za mishipa kwa kuzuia kalsiamu isiingie kwenye misuli yake. La tatu lilipewa lisinoprili, ndugu wa kaptoprili na enalaprili, zinazozuia homoni inayobana mishipa. La nne lilipewa doksazosini. Mwaka 2000 kundi hili la nne lilisimamishwa mapema. Doksazosini ilishusha presha, ikiachwa nyuma na klorthalidoni kwa pointi 2 hadi 3 tu, wala haikutofautiana nayo kwa idadi ya mishtuko ya moyo. Lakini watumiaji wake walipatwa na moyo kushindwa kufanya kazi mara mbili zaidi. Pointi 2 au 3 haziwezi kueleza pengo kubwa kiasi hicho. Mtu aliyepimwa kliniki na kuambiwa anaendelea vizuri alikuwa njiani kuelekea wodini, na kama watafiti wangehesabu mishtuko ya moyo peke yake wasingegundua.

Matokeo ya makundi matatu yaliyobaki yalitoka Desemba 2002. Kwa kipimo kikuu cha jaribio, yaani mishtuko ya moyo na vifo vitokanavyo na mishipa iliyoziba, dawa zote tatu zilikuwa sawa, na wengi waliishia kusoma hapo. Tofauti zilikuwa kwenye vipimo vilivyopewa nafasi ya pili. Waliopewa amlodipini walipatwa na moyo kushindwa kufanya kazi kwa asilimia 38 zaidi ya waliopewa klorthalidoni; kwa hesabu ya watu, ndani ya miaka sita ni takriban 10 katika kila 100, dhidi ya karibu 8. Waliopewa lisinoprili walizidi kwa asilimia 19 kwa ugonjwa huohuo, na kwa asilimia 15 kwa kiharusi. Miongoni mwa Wamarekani weusi, kiharusi kwa watumiaji wa lisinoprili kilizidi kwa asilimia 40. Amlodipini haikubaki nyuma kwenye kiharusi. Sasa yasome matokeo hayo ukiwa na orodha ya THESUS-HF mkononi. Kilichowekwa nafasi ya pili katika jaribio la Marekani ndicho kinachojaza wodi zetu, na kwa kipimo hicho dawa ya zamani ya kutoa maji ndiyo iliyoongoza.

Zipo hoja nzito dhidi ya usomaji huu. Ya kwanza ni kwamba miguu huvimba kwa watumiaji wengi wa amlodipini bila moyo kuwa na tatizo, kwa hiyo huenda madaktari waliandika ugonjwa wa moyo pale palipokuwa na vifundo vilivyovimba tu. Tena wengi waliingia ALLHAT wakiwa tayari wanatumia dawa za maji, na kuondolewa dawa hizo kunaweza kuwa kulifichua ugonjwa uliokuwa umejificha. Watafiti waliyarudia mafaili ya waliolazwa na kuyakagua kwa vigezo vikali zaidi, na tofauti haikutoweka. Hoja ya pili ni kwamba lisinoprili iliwashushia presha Wamarekani weusi kidogo kuliko klorthalidoni, pengo la wastani wa pointi 4, kwa hiyo tofauti ya kiharusi huenda ni ya presha yenyewe na si ya sifa ya dawa. Nakubali kwamba kwa sehemu ni kweli. Lakini kwa mgonjwa jambo halibadiliki: dawa isiyomshushia presha vya kutosha inapotumika peke yake si ya kumwanzishia peke yake.

Hoja ya tatu ndiyo yenye uzito zaidi kwangu. Mmarekani mweusi wa Chicago si mkulima wa Singida. Chakula, uzito wa mwili na maisha yao havifanani, na rangi ya ngozi ni kipimo duni cha mwili wa mtu. Wanasayansi hueleza kwamba, kwa wastani, watu wengi wenye asili ya Afrika hubakiza chumvi zaidi mwilini na wana kiwango kidogo cha renini, kemikali ya figo inayouanzisha mfumo ambao lisinoprili na ndugu zake huuzuia. Wastani si hukumu ya mtu mmoja mmoja. Ndiyo maana jaribio la CREOLE, lililochapishwa mwaka 2019 likiongozwa na daktari Dike Ojji wa Nigeria, lina thamani kubwa kuliko ukubwa wake. Lilifanyika Afrika kwenyewe: Kenya, Uganda, Msumbiji, Nigeria, Kamerun na Afrika Kusini, kwa wagonjwa 728. Kila mmoja alipewa dawa mbili kwa pamoja, na presha yake ikapimwa kwa mashine inayovaliwa saa 24. Baada ya miezi sita, jozi mbili zenye amlodipini, moja pamoja na dawa ya maji ya hidroklorothiazidi na nyingine pamoja na perindoprili, ndugu wa lisinoprili, zilishusha namba ya juu kwa takriban pointi 3 zaidi ya jozi ya perindoprili na dawa ya maji. CREOLE lilipima presha, halikuhesabu vifo wala viharusi, na hilo ni pungufu lake. Ila ukiliunganisha na ALLHAT unapata picha inayojitosheleza: amlodipini kwa nguvu ya kushusha presha na kuzuia kiharusi, dawa ya maji kwa kuuzuia moyo usijae maji. Kila moja inaziba udhaifu wa mwenzake.

Matokeo ya CREOLE yanakosoa pia msemo uliozoeleka kwamba kaptoprili na jamaa zake "haziwafai Waafrika". Jozi ya amlodipini na perindoprili ilifanya kazi sawasawa na ile ya amlodipini na dawa ya maji. Zikiwa na mwenza sahihi zinafaa, na kwa baadhi ya wagonjwa ndizo za lazima. Jaribio la AASK lililofanywa kwa Wamarekani weusi wenye figo zilizoharibiwa na presha lilionyesha kwamba ramiprili, ya jamii hiyohiyo, ilipunguza kasi ya kuharibika figo kuliko amlodipini. Mgonjwa mwenye protini kwenye mkojo, au ambaye misuli ya moyo wake imekwisha kudhoofika, asinyimwe dawa za jamii hii kwa sababu ya rangi yake. Aelezwe tu madhara yake: kikohozi kikavu kisichoisha, na kwa wachache uvimbe wa ghafla wa midomo na ulimi, ambao huwapata watu weusi zaidi kuliko wengine na unahitaji kukimbizwa hospitali mara moja. Mjamzito hapaswi kuzitumia hata kidogo, kwa kuwa zinamdhuru mtoto tumboni.

Atenololi ni habari nyingine. Hupunguza kasi ya mapigo ya moyo, na kwa miaka mingi iliandikwa kama dawa ya kwanza ya presha kwa imani kwamba moyo unaopiga polepole ni moyo uliopumzika. Mwaka 2005 jaribio la ASCOT, la watu zaidi ya 19,000 wa Uingereza, Ireland na nchi za Nordiki, lililinganisha matibabu yaliyoanza na amlodipini na yale yaliyoanza na atenololi. Lilisimamishwa kabla ya muda wake: upande wa amlodipini ulikuwa na viharusi pungufu kwa asilimia 23. Mwaka uliofuata mwongozo wa matibabu wa Uingereza uliliondoa kundi zima la atenololi kwenye dawa za kuanzia. Kuendelea kumwanzishia nayo mgonjwa wa presha asiye na tatizo jingine la moyo, katika nchi ambako kiharusi kinalemaza watu wangali na nguvu za kufanya kazi, ni kosa ambalo haligharimu chochote kulirekebisha. Lakini mambo hugeuka moyo ukishadhoofika. Dawa za kundi hilohilo, kama bisoprololi na karvediloli, ambazo zamani wenye moyo dhaifu walikatazwa, zikianzwa kwa dozi ndogo na kupandishwa taratibu huokoa maisha yao. Katika jaribio la CIBIS-II la mwaka 1999 bisoprololi ilipunguza vifo kwa takriban theluthi moja. Kundi hili libakie kwa mioyo inayolihitaji: iliyodhoofika, iliyowahi kupata mshtuko, au inayopiga ovyoovyo.

Dawa ya maji nayo ina lawama zake, na ya haki ni mbili. Hupunguza potasiamu mwilini, jambo linaloweza kuvuruga mapigo ya moyo, na hupandisha sukari kidogo. ALLHAT lilionyesha hivyo: baada ya miaka minne, kati ya watu ambao hawakuwa na kisukari mwanzoni, takriban asilimia 12 ya waliotumia klorthalidoni walikuwa nacho, dhidi ya 8 kwa lisinoprili. Hata hivyo kundi hilo halikupata maradhi ya moyo zaidi ya mengine, lilipata pungufu. Tiba ya lawama hizi ni dozi ndogo na kupima damu mara kwa mara, na palipo na upungufu wa vipimo dozi ndogo inakuwa muhimu mara mbili. Wapo pia wanaosema ALLHAT lilitumia klorthalidoni ilhali kinachopatikana kirahisi madukani ni hidroklorothiazidi. Hofu hiyo ilikuwa na msingi hadi mwaka 2022, pale jaribio lililofanywa kwa wanajeshi wastaafu wa Marekani zaidi ya 13,500 lilipozilinganisha moja kwa moja na kukuta hazitofautiani kwa kuzuia maradhi makubwa ya moyo. Klorthalidoni ndiyo iliyoshusha potasiamu zaidi. Aliyeandikiwa hidroklorothiazidi hajapunjwa.

Hapo ndipo kidonge kimoja chenye dawa mbili kinapoingia. Kupandisha dozi ya dawa moja huongeza madhara haraka kuliko kunavyoshusha presha; kuongeza dawa ya pili kwa dozi ndogo hushusha presha takriban mara tano zaidi ya kuirudufisha dozi ya kwanza, kwa mujibu wa uchambuzi wa majaribio 42 uliochapishwa mwaka 2009. Wapo madaktari wanaopinga vidonge vya jozi kwa kusema madhara yakitokea hawatajua yametoka kwa dawa ipi, na kwamba hawawezi kupandisha moja bila nyingine. Kwa mgonjwa wa kitengo cha moyo cha hospitali ya rufaa, anayeonwa na bingwa kila baada ya wiki chache, hoja hiyo ina mashiko. Mgonjwa wa zahanati ya kijijini, anayepanda bodaboda kufuata dawa na kukuta moja ipo na nyingine imekwisha, anahitaji zaidi kidonge kimoja asichoweza kukigawa nusunusu. Shirika la Afya Duniani limependekeza vidonge vya aina hii katika mwongozo wake wa mwaka 2021. Lakini lilipoviingiza kwenye orodha yake ya dawa muhimu mwaka 2019, mwaka uleule wa CREOLE, jozi zote nne zilikuwa na lisinoprili au telmisartani, dawa inayouzuia mfumo uleule wa homoni, upande mmoja. Jozi ya amlodipini na dawa ya maji, iliyofanya vizuri kwa Waafrika, haikuwemo. Orodha hiyo ndiyo inayotazamwa na wizara zinapopanga manunuzi.

Kwa hiyo madai yangu kwa serikali zetu ni mahususi. Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023, na Kenya ilianza utaratibu mpya wa bima ya afya ya jamii Oktoba 2024. Kila utaratibu wa bima unapaswa kuamua dawa zipi zitalipiwa na zitatolewa ngazi gani. Jozi ya amlodipini na hidroklorothiazidi katika kidonge kimoja, dozi ndogo, ilipiwe kuanzia zahanati, na itolewe kwa miezi kadhaa kwa mara moja kwa mgonjwa ambaye presha yake imetulia. Mtu atasema fedha ni chache na malaria bado inaua. Ni kweli, lakini dawa hizi zote mbili zimeshatoka kwenye hataza na ni miongoni mwa za bei ya chini kabisa. Mgonjwa mmoja anayelazwa mara kwa mara kwa moyo uliojaa maji, au anayeachwa kitandani na kiharusi akihudumiwa na binti aliyeacha kazi, huigharimu familia yake na hospitali zaidi ya vidonge vya miaka. Bohari zetu za dawa zikiagiza kwa pamoja katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, zitakuwa na nguvu ya kuwataka watengenezaji waitengeneze jozi hiyo kwa wingi.

Mgonjwa anayesoma haya akiwa na sanduku la atenololi au kaptoprili mezani asiitupe. Atenololi ikikatwa ghafla mapigo huweza kwenda mbio, presha ikapanda na maumivu ya kifua yakaja. Ikibadilishwa, hupunguzwa hatua kwa hatua chini ya uangalizi wa daktari. Siku ya kliniki aende na vidonge vyake vyote, hata vya kienyeji na vya maumivu, kwa kuwa diklofenaki na ibuprofeni hupandisha presha na kudhoofisha kazi ya dawa zake. Amuulize daktari au tabibu maswali matatu: kwa nini nimepewa hii na si nyingine, je, moyo na figo zangu zimeshapimwa, na presha yangu inatakiwa ishuke hadi ngapi. Daktari anayejua sababu ya alichoandika hatachukizwa kuulizwa, na ambaye hana sababu atapata nafasi ya kuifikiria upya karatasi ile kabla mgonjwa hajafika dirisha la dawa.